Mashine ya marehemu baba imeshika: ifunguliwe vipi bila kuivunja?

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Kilwa Kivinje. Marehemu baba alituachia mashine ya boti, Yamaha Enduro 40, kwenye kibati imeandikwa E40X. Ilitolewa baharini mwaka 2017 alipoanza kuumwa, ikalazwa chini bandani na kufunikwa turubai. Mwezi uliopita tulivuta kamba, haikutikisika hata kidogo. Fundi mmoja hapa anasema tuipige nyundo kwenye flaiwili ishtuke. Mwingine anasema tuipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mama hataki iuzwe. Je, mashine kama hii inafunguka?"

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee.

Nianze na huyo wa nyundo: mzuieni. Ndani ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, upande usioonekana, kuna sumaku zilizogandishwa kuzunguka ukingo. Ukingo ukigongwa, sumaku inapasuka au inabanduka, na siku mashine itakapokimbia kile kipande kitasaga koili zote zilizo chini yake. Huyo wa chuma chakavu naye asubiri kidogo. Anaweza kuwa na haki mwishoni, lakini hawezi kujua leo, kwa sababu mashine haijafunguliwa.

Kwa maelezo yako, nina matumaini. Kuna mashine iliyonoki na kuna mashine iliyolala, na watu huzichanganya kwa kuwa zote mbili hazizunguki. Iliyonoki ilikamata ikiwa kazini: oili haikuwekwa, au maji ya kupoza yalikatika, pistoni ikavimba kwa moto na kujipaka kwenye ukuta wa silinda. Ya mzee ilizimwa ikiwa nzima. Kilichoikamata baadaye ni kutu, tena huenda ni nyembamba sana, kati ya ringi za pistoni na slivu ya chuma, ule ukuta wa ndani wa silinda, na pengine ule unga mweupe wa alumini iliyoliwa na chumvi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na nafasi kati ya ringi na slivu ni ndogo mno, kwa hiyo kutu kidogo tu inatosha kuzuia mashine ya nguvu farasi 40.

Ila shika hili tangu mwanzo: kufunguka si kupona. Watu hushangilia flaiwili ikizunguka, wanatia plagi, wanawasha siku hiyohiyo, na wiki ya pili konrodi, ule mkono wa pistoni, imetoboa ubavu wa bloku. Kazi yako ina sehemu mbili, na ya pili ndiyo itakayoamua kama mama anabaki na mashine au anabaki na kumbukumbu.

Kabla hujamwaga tone la kitu chochote, hakikisha kwamba kilichoshika ni injini yenyewe. Hiyo Enduro ina kizuizi kinachofunga stata ya kamba gia ikiwa imeingia, ili mtu asiwashe mashine ikaruka naye. Kizuizi hicho huendeshwa na waya mwembamba, na waya ukiota kutu hubaki umefunga hata ukirudisha gia katikati. Niliwahi kuletewa mashine kwa gari la kukodi kutoka Pangani hadi Tanga, mwenyewe ameshatafuta na mnunuzi wa spea, kumbe ni huo waya. Nilimwonea haya kumtoza. Kwa hiyo fungua bolti za stata, iondoe yote pembeni, kisha shika flaiwili kwa mikono miwili kama unavyoshika usukani na ujaribu kuizungusha. Kwa wima wake, ukiitazama kutoka juu, mashine huzunguka kwa mwendo wa saa. Jaribu upande huo kwanza kwa sababu impela ya pampu ya maji huko chini ni ya mpira, na ukiirudisha nyuma ikiwa imekauka inakatika mapezi. Hata hivyo impela hiyo utaitupa, kwa hiyo usiililie.

Ikigoma, kinachofuata ni kuondoa mguu, ile sehemu ya chini yenye geaboksi na rafadha, wengine mnaita propela. Usidanganyike kwamba ukiweka gia katikati umeutenga. Shafti ndefu inayoshuka kutoka injini inaendelea kuzungusha meno ya kwanza ya geaboksi, gia iwe imeingia au haijaingia, na inaendesha pampu ya maji pia. Geaboksi iliyoingia maji ya chumvi ikalala miaka inashika vilevile kama injini, na huko juu kwenye flaiwili huwezi kuhisi tofauti. Tenganisha kwanza fito inayoleta gia, legeza bolti za mguu, uushushe. Kama flaiwili inazunguka baada ya hapo, sahau yote nitakayosema kuhusu silinda, ugonjwa uko chini.

Kuna mtego hapa. Ncha ya juu ya ile shafti ina meno yanayoingia ndani ya krankishafti, shafti kuu ya injini, na kwenye maji ya chumvi meno hayo hupenda kushikana kwa kutu. Mguu utashuka kidogo halafu utagoma. Usichomeke patasi kwenye ungio ukatanua kwa nguvu, alumini itamegeka na pale patavuja maji maisha yote. Pulizia dawa ya kutu kwenye upenyo, gonga mguu taratibu kwa nyundo ya mpira kushoto na kulia, rudia kesho. Mimi huacha mguu ukining'inia kwa uzito wake usiku kucha, na mara nyingi asubuhi naukuta umelala juu ya magunia niliyotandika.

Sasa tuseme mguu umetoka na flaiwili bado haitikisiki. Ndipo tunapoingia kwenye silinda.

Toa plagi zote mbili. Zikigoma usizikate, dawa ya kutu kwenye shingo, subiri, kisha spana ya plagi iliyokaa sawasawa, kaza kidogo sana halafu legeza, kaza, legeza. Zikitoka zitazame kabla hujazitupa. Plagi nyeusi yenye mafuta ni habari njema, maana silinda hiyo ililala ikiwa na oili. Plagi yenye kutu nyekundu mpaka kwenye ncha inakuambia maji yalikaa humo. Kama unaweza kuazima ile kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu, ipitishe kwenye tundu la plagi na upige picha. Huko mjini mafundi wa mabomba wanazo.

Na hapa ndipo wengi hukosea, hata mafundi wa magari walio hodari. Kwenye gari, silinda zimesimama, unamwaga dawa juu ya pistoni inatulia na kuzama pembeni. Mashine ya boti ikisimama wima, silinda zake zimelala, vichwa vimetazama nyuma. Ukimwaga dawa kupitia tundu la plagi inakusanyika upande wa chini wa silinda, na upande wa juu unabaki mkavu kama ulivyokuwa. Unaweza kungoja mwezi. Kwa hiyo toa kabureta, kisha laza mashine juu ya matairi mabovu kwa upande wake wa mbele, ule unaotazama boti, ili matundu ya plagi yatazame mbinguni.

Bado kuna jambo. Hii ni mashine ya kuchanganya oili na petroli, haina vali kama za gari. Ukuta wa silinda una madirisha, sisi tunaita poti, ya kuingizia mchanganyiko na kutolea moshi, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafunika na kuyafunua. Hizo pistoni mbili huenda kinyume: moja ikiwa juu, nyingine iko chini. Ile iliyo chini imefunua madirisha, na dawa utakayomwaga itateremkia kwenye njia ya moshi. Pima kwa kijiti chembamba kwenye kila tundu ujue pistoni iko kina gani. Mwendo wote ni milimita 70. Silinda yenye pistoni ya juu itashika dawa. Ile nyingine utakuwa unaiongezea mara kwa mara, dawa ikipita kwenye ukuta inafanya kazi yake hata kama haikai. Usidhani inavuja kwa ubovu.

Dawa gani? Kila fundi ana yake, na wengine wanaapa kwa soda nyeusi. Soda wapeni wageni. Ina tindikali kidogo, kweli, lakini inaacha sukari inayonata na haina ulainisho wowote. Siki nayo inakula kutu, lakini inakula na alumini ya pistoni ukiisahau humo. Mimi hutumia oili ya giaboksi otomatiki, ile nyekundu, nusu kwa nusu na asetoni. Asetoni huipunguza oili uzito ikapenya penye upenyo wa unywele, kisha inaruka hewani na kuacha oili palepale. Haziungani vizuri, kwa hiyo tikisa chupa kila unapochota. Ukikosa asetoni, changanya ile oili nyekundu na dizeli; ni ya polepole, lakini inafika. Lile kopo la WD-40 lililo karibu kila duka la vifaa lina kazi yake, ila herufi zake zenyewe zinasema kazi hiyo ni kufukuza maji. Tumia kwenye waya na koili.

Asetoni inashika moto kwa cheche ndogo na mvuke wake unaumiza kichwa. Fanyia kazi nje, mbali na jiko, na mtu asiwashe sigara. Chota kwa sirinji kubwa ya mifugo, mililita 60 hivi kila silinda, asubuhi na jioni.

Halafu chukua chaki. Chora mstari mmoja unaoanzia juu ya flaiwili na kuendelea kwenye bloku, usiokatika. Huo mstari ndio utakaokuambia ukweli. Mkono wako utakudanganya, utahisi imesogea kumbe ni mashine nzima iliyoteleza juu ya matairi. Mistari miwili ikipishana hata kwa upana wa kucha, imesogea kweli.

Siku mbili za mwanzo usiizungushe kabisa, mwagia dawa tu na uende zako baharini. Siku ya tatu tafuta kipande cha chuma bapa cha sentimita 60. Juu ya flaiwili kuna matundu matatu yenye thredi, yanayotumika kufungia pula ya kuing'olea. Toboa chuma chako matundu mawili yanayolingana na hayo, kifunge kwa bolti, sasa una mkono wa kuizungusha pande zote mbili. Usitumie nati ya katikati. Nilipokuwa mwanagenzi, mimi na mwenzangu tuliweka bomba refu kwenye ile nati tukaning'inia wote wawili. Ilizunguka. Tulipeana mikono. Kilichozunguka kilikuwa flaiwili peke yake juu ya shafti: tulikuwa tumekata kii, kile kijichuma cha nusu mwezi kinachoishika, na tukachana ncha ya krankishafti. Bosi wetu hakusema kitu, alikaa tu kwenye ndoo akatutazama. Mashine ile haikukaa tena kwenye majira yake ya kuchoma.

Kwa huo mkono wa chuma, tumia nguvu ya mkono wako mmoja. Sukuma upande mmoja, hesabu mpaka kumi, vuta upande wa pili, hesabu mpaka kumi. Dakika tano, ongeza dawa, ondoka. Ukiona unahitaji mguu kuegemea, umepitiliza. Kutu haisikii nguvu, inasikia kutikiswa: kila mara ringi inapojipinda hata kidogo, dawa inasogea hatua moja ndani.

Ikifika siku ya tano bila dalili, ongeza joto, lakini si la moto wa gesi, hasa baada ya kumwaga asetoni. Chemsha maji ndoo mbili, uyapitishe kwenye njia za maji ya kupoza kupitia tundu la thamostati, kile kifaa kinachofungulia maji injini ikipata joto, mpaka bloku iwe ya moto usiweze kuishika. Iache ipoe, na inapopoa mwagia dawa. Alumini na chuma hazitanuki sawa, na katika kule kutanuka na kusinyaa kutu inapata nyufa. Nimefanya hivyo mara tatu kwa siku moja kwenye mashine iliyokaa bandani Mtwara, ya nne haikuhitajika.

Njia nyingine ni kugonga pistoni, na hapa naomba unisikilize vizuri. Utalazimika kutoa silinda hedi, kile kifuniko cha silinda, na bolti zake katika mashine iliyofanya kazi ya chumvi hukatika kama biskuti usipozipa dawa na joto kabla. Ukishaitoa, chonga kigogo cha mviringo cha mbao ngumu, mninga unafaa, kipenyo kidogo chini ya milimita 80 ambazo ndizo upana wa silinda, ukiweke juu ya pistoni na ugonge kwa nyundo ya kawaida, pigo fupi, kama unagonga mlango wa mtu mgonjwa. Lakini tazama pistoni iko wapi. Ikiwa katikati ya mwendo wake, konrodi imeinama na pigo linageuka kuwa mzunguko. Ikiwa juu kabisa au chini kabisa, konrodi imenyooka na krankishafti, na kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Hapo unapiga chuma dhidi ya chuma, hakizunguki kitu, na kwa kuwa pistoni zako huenda kinyume, moja ikiwa mwisho wa juu nyingine iko mwisho wa chini, kwa hiyo zote mbili hazifai kugongwa. Katika hali hiyo rudi kwenye chuma cha flaiwili na uvumilie.

Kuna wanaojaza grisi kwenye tundu la plagi kwa pampu ya grisi, ikaisukuma pistoni. Inafanya kazi pale madirisha yakiwa yamefungwa, na ina nguvu ya kutisha, ndiyo maana siipendi mikononi mwa mtu asiyeijua. Pia kuisafisha baadaye ni adhabu.

Utajuaje imekubali? Haitakuja kwa kishindo. Mashine moja niliyoifungua, ya mvuvi wa Moa, ilikuwa siku ya saba asubuhi. Nilisukuma, nikahesabu, nikavuta, na chini ya kiganja nikasikia kitu kama mtu aliyevunja kijiti cha kiberiti. Basi. Nilipoangalia chaki, mstari ulikuwa umekatika kwa milimita mbili. Dawa kwenye silinda yenye pistoni ya juu ilikuwa imeshuka kidogo na juu yake kunaelea vumbi jekundu. Ukifika hapo, mwanangu, shetani atakuambia uizungushe mzunguko mzima. Usimsikilize. Zile milimita mbili zirudishe, ziendeleze ziwe nne, zirudishe, sita, zirudishe. Katika kila safari unasaga kutu ile iliyobaki mbele ya ringi, na ukiilazimisha kupita kwa mkupuo inajikusanya, ringi inakatika, na kipande cha ringi kikinasa kwenye dirisha la moshi kinamega pistoni. Mzunguko mzima wa kwanza unaweza kukuchukua siku nzima.

Sasa sehemu ya pili.

Imezunguka. Usiiwashe. Kama silinda hedi haijatoka, itoe sasa, ufute kila kitu kwa kitambaa na mafuta ya taa, kisha tazama kuta. Madoa meusi yasiyohisika kwa kidole ni alama tu za mahali ringi zililala. Pitisha ukucha: ukinasa kwenye shimo au mchubuko, slivu hiyo inahitaji kupigwa boringi, yaani kupanuliwa, na kuvishwa pistoni ya oversaizi, kwa kawaida zinapatikana kwa hatua ya milimita 0.25 na 0.50. Ukucha usiponasa, mtu mwenye honi, ile mashine ya mawe ya kusugulia silinda, ataisugua kidogo kupata mistari ya kushika oili, utaweka ringi mpya, na pistoni za mzee zinaweza kurudi.

Lakini silinda si kitu ninachokiogopa. Ninachokiogopa ni beringi za krankishafti na za mguu wa konrodi, yaani ncha yake inayoshika krankishafti. Mashine hii haina karta, lile bakuli la oili chini ya injini, kama gari. Beringi zake ni za vijiti na gololi zilizokuwa zikipakwa na ule ukungu wa oili unaopita na petroli, na mashine ikizimwa zinabaki na utando mwembamba tu. Sasa fikiria ililazwa vipi bandani. Ikiwa kichwa kilikuwa chini kuliko mguu, maji yaliyobaki kwenye njia ya moshi yaliteremka yakaingia kwenye silinda, na mengine yakapita kwenye madirisha mpaka kwenye krankikesi, chumba cha krankishafti, yakakaa palepale zilipo beringi. Waulize waliokuwa nyumbani mwaka huo: ililala imeelekea wapi? Si swali la bure. Linaniambia zaidi kuliko picha kumi.

Zipime hivi. Plagi zikiwa nje na hedi ikiwa nje, mwagia oili ya mashine kupitia njia ya kabureta, zungusha flaiwili kwa mkono taratibu mara ishirini, halafu weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku karibu na beringi ya juu na mpini wake kwenye sikio. Beringi nzima inasikika kama kitambaa kikiburutwa. Yenye vishimo vya kutu inakoroma, inakwaruza, na inarudia kukwaruza mahali palepale katika kila mzunguko. Kisha shika pistoni moja uisukume na kuivuta bila kuizungusha flaiwili. Ukisikia mgongano, hata mdogo, mguu wa konrodi umelegea. Kusogea kidogo kulia na kushoto ni kawaida. Kusogea juu na chini si kawaida.

Beringi zikikwaruza, usiruhusu mtu akuambie "zitajisugua zenyewe." Gololi yenye kishimo inazidi kujimega, na vipande vinapita mahali pengine. Krankishafti hii imeunganishwa kwa kubanwa kwa presi, haifunguki kwa bolti, kwa hiyo kubadilisha beringi za konrodi ni kazi ya karakana yenye presi na kifaa cha kuinyoosha, si ya chini ya mwembe. Hapo ndipo hesabu inapoanza: krankishafti, beringi, oilsili, ringi, gasketi zote. Linganisha jumla yake na bei ya kichwa, yaani injini nzima bila mguu, cha E40X kilichotumika ambacho bado ni kizima. Ukiona zinakaribiana, nunua hicho kichwa, na mguu wa mzee ukautunze, ndio wenye thamani. Mama hatakuwa amepoteza mashine.

Beringi zikiwa kimya, shukuru na uendelee. Oilsili, zile pete za mpira za kuziba, za juu na chini za krankishafti badilisha hata kama zinaonekana nzima, maana mpira wa miaka hiyo umekauka, nao ukivuta hewa mchanganyiko unakuwa mwepesi wa petroli na pistoni inaungua. Impela mpya. Thamostati ichemshe kwenye sufuria uone kama inafunguka. Njia za maji ziparuze mpaka uone alumini, chumvi huziba huko kama simenti. Kabureta ifunguliwe yote, jeti zipulizwe, usizichokonoe kwa waya wa chuma. Mipira ya petroli na diafragma ya pampu ya mafuta, mpya. Oili ya geaboksi imwage: ikitoka nyeupe kama maziwa, sili ya shafti ya rafadha imekwisha. Ukijaza mpya ya SAE 90, jazia tundu la chini mpaka itokee tundu la juu, vinginevyo utabakiza hewa ndani. Na petroli iliyosahaulika kwenye tangi la mzee isiguse mashine hii.

Kuwasha, tumia pipa la maji baridi, yasiyo ya chumvi, kina kinachozamisha pampu ya maji. Changanya oili ya boti, yenye alama ya TC-W3, lita moja kwa lita 25 za petroli kwa saa 10 za mwanzo, kisha urudi kwenye moja kwa 50. Itatoa moshi wa kukera majirani, ni ile dawa na oili uliyomwaga humo. Mkono wako uwe karibu na swichi ya kuzimia na jicho lako kwenye kitundu cha maji ya ukaguzi. Yasipotoka ndani ya dakika moja, zima. Dakika kumi mwendo mdogo, zima, iache ipoe kabisa, toa plagi uzitazame, rudia. Safari za kwanza baharini zifanye ndani ya ghuba na nusu ya mwendo, bila nyavu wala abiria, na mkiwa na makasia.

Kabla hujanunua hata gasketi moja, lakini, nifanyie hivi. Ukifika pale pa bisibisi na sikio, weka simu badala ya sikio, rekodi flaiwili ikizungushwa polepole mizunguko kumi, unitumie pamoja na picha ya kuta mbili za silinda na jibu la mashine ililala imeelekea wapi. Nitakuambia kama ununue ringi au utafute kichwa.